Mashine Tisa Zilizokataa Kuamka

Nataka nikueleze habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuamsha mashine, na ambaye wiki moja, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, hakuelewa kilichokuwa kikitokea mbele ya macho yake. Kaa vizuri. Hesabu zilizomo ni chache na nitazipitia polepole, maana hata mimi nilielezwa mara tatu ndipo zikaniingia.

Kazini wanamwita Mwamshaji. Ni mtu mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini kasoro, mwenye tabia ya kuchomeka kalamu sikioni kisha kuitafuta mezani. Anafanya kazi ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, katika karakana inayounda vitanda vya joto vya watoto wachanga. Ukivitazama ni visanduku tu vyenye kifuniko cha plastiki angavu. Chini yake kuna hita ndogo, na pembeni kuna feni inayosukuma hewa ya moto isikae mahali pamoja. Chini kabisa, imefungwa kwa skrubu nne, ipo bodi ya kijani isiyozidi kiganja. Hiyo ndiyo akili ya mashine.

Sasa, ukibonyeza swichi, akili hiyo haijui chochote. Haijui kama ina hita wala kama ina feni. Kuna programu ndogo inayotangulia kuamka. Inafanya kazi kwa sekunde mbili hivi, inaiambia akili: hita yako hii hapa, feni yako ile pale, kipimajoto kiko kule, kisha inajiondoa. Programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na mwandishi wake ni huyu bwana. Ndipo jina likamkaa. Mke wake hulicheka sana jina hilo, kwa sababu kila asubuhi yeye ndiye humwamsha Mwamshaji, mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kuvuta shuka.

Viungo vyote vya mashine vimeandikwa katika orodha ambayo mafundi huiita mti, kwa kuwa ina shina moja na matawi yanayotoa matawi mengine. Programu ikitaka feni, inaitafuta kwa njia yake, iliyoandikwa kwa mikwaju: /bodi/hewa/feni. Inaanzia shinani, inashuka tawi la bodi, inaingia tawi la hewa, inaikuta feni, inarudi na namba. Namba ile ni mahali. Ni hatua ngapi kutoka mwanzo wa orodha mpaka feni ilipoandikwa. Ikikosa, inarudi na namba hasi. Mwamshaji alijisifu kwamba hajawahi kuuliza njia bila kuangalia kama jibu ni hasi, na ni kweli hajawahi. Shika hapo, tutaparudia.

Mtu wa pili katika habari hii ni Mama Vibandiko. Meza yake iko mlangoni, karibu na dirisha, na yeye ndiye mkono wa mwisho kugusa kila mashine kabla haijatoka. Anaichomekea kibodi, anaandika jina la chumba inakokwenda, kwa mfano WODI YA WATOTO, na jina hilo linabaki ndani ya mashine. Halafu anachapa jina lilelile kwenye utepe mweupe wenye gundi na kuubandika juu ya kifuniko. Amevaa miwani yenye kamba, ana rula ya chuma isiyoguswa na mtu mwingine, na ana miaka kumi na miwili kwenye meza ile. Ulibaki mwaka mmoja na nusu astaafu.

Jumatatu hiyo zilikuwa zimekamilika mashine ishirini na sita za hospitali moja, na mkaguzi wa hospitali alitarajiwa Ijumaa. Wiki iliyotangulia zote zilipita mezani kwa Mwamshaji, akaziwasha moja moja, zikaamka bila tatizo. Zikaenda kwa Mama Vibandiko, akaziandika majina, akazibandika. Zilipowashwa kwa mara ya mwisho, tisa zikagoma. Taa nyekundu, feni imesimama tuli, hita imekataa kupata moto. Kukataa huko ni kwa usalama. Mashine isiyosikia feni yake haitakiwi kuwaka joto.

Msimamizi wa karakana, bwana mmoja mpole wa sauti lakini mwepesi wa kuhukumu, alizipanga zile tisa ukutani kama watoto waliochelewa shule.

"Kaka, kwako zilikuwa nzima?" akamuuliza Mwamshaji.

"Nzima kabisa."

"Kisha zikapita wapi?"

Mwamshaji akatazama dirishani, ambako jibu lilikuwa limekaa linafuta miwani.

"Mimi simchukii mama wa watu," Msimamizi akasema, akishusha sauti. "Ila mkono umechoka. Anabonyeza visivyobonyezwa. Kama mpaka Alhamisi jioni hujaniambia kitu kingine, nitasaini barua akapumzike. Siwezi kumwambia mkaguzi kwamba sijui."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani: mama yule abaki au aondoke. Na aliyepaswa kulijibu alikuwa mtu ambaye, kwa wakati huo, hakuwa na jibu hata la nusu.

Jumanne Mwamshaji akabeba mashine moja kati ya zile tisa, namba kumi na nne, akaiweka mezani kwake. Akaiwasha: taa nyekundu. Vizuri, akasema, sasa nimekushika. Akafuta jina lililoandikwa, akaweka jina ambalo kila mtu wa meza ile huandika wakati wa kupima, JARIBIO. Vidole vyake vimeliandika neno hilo mara nyingi kiasi kwamba havingoji ruhusa. Akaiwasha tena. Feni ikazunguka, taa ikawa ya kijani.

Akakuna kichwa. Akamrudishia Mama Vibandiko.

"Mama, hebu andika jina lake tena. Taratibu."

"Mimi huandika taratibu kila siku, mwanangu."

Akaandika, herufi moja moja, Mwamshaji kasimama nyuma yake anahesabu vidole vyake. Hakuona kosa lolote. Akabonyeza swichi. Taa nyekundu.

Wakatazamana. Mama akavua miwani, akaitazama mikono yake pande zote mbili kama mtu aliyepewa mikono ya jirani.

"Nimegusa nini?" akauliza.

"Hujagusa kitu. Nimekuona."

"Sasa?"

"Sasa sijui."

Aliporudi mezani kwake aliketi, akashika tama. Mkononi mwake ilikuwa nzima, mkononi mwa mama ilikufa, na mkono wa mama ameutazama kwa macho yake haukufanya kosa. Akajaribu mashine ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu akaipeleka kwa mama bila kumwambia ni ya ngapi, kana kwamba mashine ingemtambua. Vilevile. Mchana huo alimimina chai kwenye kikopo cha skrubu na kunywa funda moja kabla hajashtuka.

Jumatano akaamua kufuata njia. Kama feni haisikiki, akajiambia, basi njia yake haipatikani. Akaongeza mstari kwenye programu ili kila inapoitafuta feni ichapishe namba iliyopewa. Akawasha mashine nzima: 1284. Akawasha mashine iliyogoma: 1284. Akazima, akawasha tena, akiinamia kioo cha kompyuta mpaka pumzi yake ikafanya ukungu. 1284. Njia ni sahihi, jibu si hasi, mahali ni palepale. Mashine moja inapata feni kwa namba hiyo na nyingine haipati. Ni sawa na kuambiwa watu wawili wamepewa funguo pacha za mlango mmoja, mmoja ameingia na mwingine amebaki nje.

Jioni, wakati wa kula, mke wake alimtazama akichovya kijiko kwenye sahani tupu.

"Baba watoto, hujajipakulia."

"Ni elfu moja mia mbili themanini na nne," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mahali ilipo feni. Ipo pale, lakini haipo."

Mke wake akampakulia. "Sasa mimi niulize swali la kijinga. Ukiwa huelewi, unamwuliza nani?"

"Namwuliza nani tena, na mimi ndiye niliyeiandika?"

"Basi ndiyo maana huelewi," akasema, akamsogezea chumvi. Akatafakari kidogo, kisha akaongeza: "Na yule mama, ameulizwa yeye anaona nini?"

Mwamshaji alianza kusema kwamba mama hajui mambo ya programu. Akakumbuka kwamba hata yeye mwenye kuyajua yamempiga chenga siku tatu. Akaacha hapo, akala.

Alhamisi asubuhi hakuhitaji kumtafuta. Alimkuta Mama Vibandiko amekaa kwenye kiti chake yeye Mwamshaji, daftari pajani.

"Nimesikia habari ya barua," mama akasema. "Usijifanye hujui, uso wako hauna pazia. Nimekuja kukuonyesha kitu, halafu mtanifukuza vizuri."

Kwa miaka kumi na miwili, kila utepe aliouchapa aliuchapa mara mbili: mmoja wa mashine, mmoja wa daftari. Hakuagizwa na mtu. Alitaka tu, siku kibandiko kikibanduka, ajue kilikuwa kinasema nini. Akafungua ukurasa wa wiki ile. Tepe ishirini na sita zilibandikwa moja chini ya nyingine, zote zimeanzia kwenye mstari mmoja kushoto, kwa rula. Zile tisa zilizogoma alikuwa amezitia alama nyekundu.

"Tazama mkono wa kulia," akasema.

Mwamshaji akatazama. Tepe kumi na saba zilikuwa fupi: MAPOKEZI, WODI YA WATOTO, WODI YA WAZAZI. Tepe tisa zilichomoza kupita nyingine zote: CHUMBA CHA WATOTO NJITI, WODI YA WAZAZI GHOROFA YA PILI. Kila iliyochomoza ilikuwa na alama nyekundu. Na hakuna fupi hata moja iliyokuwa nayo.

"Zinazogoma ni ndefu," mama akasema. "Mimi si mtaalamu. Ila rula haidanganyi."

"Mama," Mwamshaji akaanza kwa upole, ule upole wa mtu anayejiandaa kukataa, "jina haliwezi kuzuia feni. Jina liko juu kwenye shina, feni iko huko chini matawini. Hawajuani hata kwa salamu."

"Hawajuani?"

"Hawajuani."

"Haya. Andika jina refu kwa mkono wako, tuone kama na wewe umezeeka."

Akavuta bodi yake ya kupimia, ile ambayo haijawahi kumwangusha. Vidole vikaandika JARIBIO, vikataka kwenda zao. Akavirudisha. Akaandika JARIBIOJARIBIOJARIBIO. Akawasha.

Taa nyekundu.

Akaandika JARIBIO peke yake: kijani. Akaandika refu: nyekundu. Fupi, kijani. Mama akavuta stuli akakaa, maana aliona hili litachukua muda.

Sasa Mwamshaji alikuwa amechanganyikiwa kuliko jana, kwani jana angalau alikuwa na mtu wa kumtilia shaka. Akafungua programu, akaishusha mpaka kwenye ile mistari mitatu aliyoisoma mara hamsini wiki ile. Safari hii, kwa kuwa mama alikuwa amekaa pale, akaisoma kwa sauti.

"Wa kwanza: itafute feni, shika namba ya mahali. Wa pili: andika jina la chumba kwenye shina. Wa tatu: nenda kwenye ile namba, iandikie feni kasi yake."

"Rudia," mama akasema.

Akarudia.

"Jina linaandikwa juu ya feni au chini yake?"

"Juu. Shina linatangulia, matawi yanafuata."

"Na jina lina nafasi kiasi gani?"

"Kumi na sita. Herufi kumi na tano na alama ya mwisho. Ni nafasi maalumu, imetengwa, hata jina likiwa fupi linajazwa mpaka..."

Akaishia hapo. Mama akamsubiri.

"Si ilikuwa hivyo mwezi uliopita?" mama akasema. "Nilikuja kukulalamikia. Nikiandika chumba cha watoto njiti, mashine inanikatia, inaandika CHUMBA CHA WATO. Nikakuuliza, chumba cha wato ni chumba gani? Ukacheka, ukaniambia nipe dakika kumi."

Alikumbuka. Zilikuwa dakika nane. Alikuwa ameondoa kile kikomo, jina refu lichukue nafasi linayotaka, fupi liendelee kujazwa mpaka kumi na sita, na mama akamletea karanga za shukrani kwenye karatasi. Hakupima zaidi ya kuandika JARIBIO.

Basi ndugu yangu, hapa ndipo nilipoelezwa mara tatu, kwa hiyo usione aibu. Orodha ile ni utepe mmoja mrefu. Ukitafuta feni, unaambiwa iko hatua ya 1284. Unaikariri hiyo namba. Halafu unapanda juu kabisa, unaingiza jina refu mahali palipokuwa na nafasi kumi na sita. CHUMBA CHA WATOTO NJITI linataka ishirini na nne. Utepe unafanya nini? Unasukuma kila kilicho chini yake hatua nane mbele. Feni sasa iko 1292. Wewe bado umeshika 1284, namba iliyokuwa kweli mstari mmoja uliopita. Unakwenda pale unaandika kasi ya feni, na pale hakuna feni. Ndiyo maana namba zilifanana kwenye mashine nzima na iliyogoma: aliichapisha wakati bado ni ya kweli, kabla jina halijaandikwa.

"Na haikukuambia kwamba pale hakuna feni?" mama akauliza.

Mwamshaji akautazama mstari wa tatu. Uandishi nao hurudisha jibu. Ukiandika mahali pasipo mwanzo wa kiungo chochote, unarudishiwa namba hasi, inakataa waziwazi. Yeye aliyejisifu kuangalia kila jibu la njia hakuwahi kuangalia jibu la kuandika. Programu ilimkatalia mara tisa na hakuwa akisikiliza.

"Iliniambia," akasema.

Kurekebisha kulikuwa jambo dogo hata likamtia aibu. Baada ya kuandika jina, itafute feni upya. Kisha andika kasi yake, na uangalie jibu. Mistari minne. Akaweka programu mpya kwenye namba kumi na nne.

Hapo likamjia wazo ambalo lingekujia hata wewe. Angeweza kuziwekea zote tisa, kimya kimya, kabla ya chakula cha mchana. Zingeamka. Msimamizi angefurahi, asingeuliza mengi. Kosa lingekufa bila kuzikwa. Lakini barua isingekufa nalo, maana katika kichwa cha Msimamizi mashine zilizoharibika kwa mama na kupona kwa Mwamshaji zilikuwa na maana moja tu. Akamtazama mama, ambaye alikuwa akifunga daftari lake, hajasema neno la kuomba.

"Twende wote," akamwambia.

Msimamizi aliwasikiliza akiwa amesimama. Mwamshaji alimweleza habari ya utepe, ya hatua nane, ya namba iliyopitwa na wakati. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akachora kwenye ubao, akafuta kwa kiganja.

"Ngoja kaka," Msimamizi akasema. "Jina refu linaisimamisha feni?"

"Linaisogeza."

"Feni imefungwa kwa skrubu. Inasogeaje?"

"Si feni yenyewe, ni mahali ilipoandikwa."

"Sijaelewa."

"Hata mimi sikuelewa siku nne, bosi. Ila kosa ni langu. Nilibadilisha programu mwezi uliopita na sikuipima kwa jina refu. Aliyeligundua ni mama, kwa rula."

Msimamizi akatupa jicho kwenye daftari lililokuwa wazi mezani, zile tepe tisa zikichomoza. Akazifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini, polepole. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, au alielewa kiasi cha kumtosha.

"Mama," akasema, "hebu iwashe wewe."

Namba kumi na nne ikaletwa. Mama Vibandiko akavaa miwani, akachomeka kibodi, akaandika CHUMBA CHA WATOTO NJITI, kisha akaongeza, hakuna aliyemtuma, GHOROFA YA CHINI MKONO WA KUSHOTO. Mama akabonyeza swichi na kujiegemeza kitini.

Sekunde mbili ni ndefu ukizisubiri. Kisha feni ikaguna, ikazunguka, na taa ikawa ya kijani.

"Ile mikono iliyochoka," mama akasema, hakumtazama mtu, "ndiyo hiyo."

Msimamizi akacheka kidogo kwa pua. Akaenda kwenye droo yake, akatoa karatasi moja iliyokunjwa, akaitumbukiza kwenye pipa la taka chini ya meza. Hakuomba radhi, si mtu wa maneno hayo. Lakini alimletea mama chai mwenyewe, na watu wa karakana walilisimulia hilo wiki nzima.

Mchana ule Mwamshaji aliziwekea programu zile nane zilizobaki. Alipomaliza alikwenda dirishani.

"Mama, nichapie kibandiko kimoja. Cha kubandika juu ya kioo changu."

"Kiseme nini?"

"TAFUTA TENA BAADA YA KUANDIKA."

Mama akaandika, kimashine kikaanza kutema utepe. Kikafika katikati, kikalia mlio mkavu, kikanyamaza. Utepe ulikuwa umekwisha. Majina marefu ya wiki ile yalikuwa yameumaliza. Akaukata kwa ncha ya rula, akampa alichopata: TAFUTA TENA BAADA YA KUA.

"Kua ndiyo nini?" Mwamshaji akauliza.

"Utajua mwenyewe. Wewe si fundi?" akasema mama, na kuinama kutafuta utepe mpya kwenye droo.

Akakibandika hivyohivyo. Kipo mpaka leo, juu ya kioo, kimepinda kidogo kushoto. Wageni wakimwuliza maana yake huwaeleza kwa muda mrefu sana, na wengi huondoka wakiwa hawajaelewa.